Kulinganisha programu zinazoiga sinthesaiza za analogi: anza na filta

Umeuliza ni programu ipi inayokaribia zaidi sinthesaiza za analogi za zamani (kibodi zinazotengeneza sauti kwa saketi za umeme), na kama tofauti baina yake ni za kweli au ni maneno ya wauzaji tu. Nimewahi kupiga sinthesaiza halisi za Minimoog na Juno-60 kwa muda mrefu, na programu zinazoziiga ndizo ninazofanyia kazi kila siku. Tofauti zipo, ila hazipo pale wengi wanapozitafuta.

Ukipitia sauti zilizotayarishwa na watengenezaji, unalinganisha ustadi wa waliozitunga pamoja na mwangwi waliouongeza, wala si uigaji wa saketi. Anza na osileta moja (sehemu inayozalisha mlio wa msingi) ya wimbi la msumeno, yaani mlio mkali wenye umbo la meno ya msumeno, zima mapambo yote kama mwangwi, kisha sawazisha viwango vya sauti, kwa sababu programu yenye sauti kubwa kidogo tu hudhaniwa kuwa bora. Piga noti za juu kabisa na uzipinde polepole: programu dhaifu itatoa milio ya pembeni inayoshuka wakati noti inapanda. Programu nyingi za leo hulipita jaribio hilo bila shida.

Filta, sehemu inayopunguza baadhi ya masafa ya sauti, ndiyo inayozitenganisha. Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, ina filta ya ngazi ya transista (transista zilizopangwa kama vipago vya ngazi) inayokata desibeli 24 kwa kila oktava. Rezonansi (mkazo wa sauti pale filta inapoanza kukata) ikiongezwa, besi hupungua, na ikifika juu kabisa filta yenyewe huanza kupiga mluzi. Zungusha kitufe cha filta polepole sana ukiwa karibu na hapo. Katika uigaji mzuri mluzi na noti huvutana na kuchafuana kidogo, lakini katika uigaji hafifu mluzi hukaa juu ya noti kama sauti ya pili, na wakati mwingine husikika ukiruka hatua kwa hatua. Sababu ni kwamba ndani ya saketi sauti inayotoka kwenye filta hurudi mwanzoni papo hapo, ilhali programu nyingi za awali ziliichelewesha kwa sampuli moja (kipande kidogo kabisa cha sauti ya kidijitali) ili hesabu iwe rahisi. Diva, programu ya kampuni ya u-he iliyotoka mwaka 2011, hukokotoa mzunguko huo bila ucheleweshaji, na gharama yake hubebwa na prosesa ya kompyuta. Ndiyo maana ina viwango vinne vya usahihi; mimi hutunga nikitumia cha chini, kisha narekodi kwa kile cha juu kabisa.

Jaribio jingine ninalolithamini ni la mikisa, sehemu inayochanganya osileta kabla ya filta. Kwenye Minimoog, osileta tatu zikifunguliwa zote huisukuma filta hadi sauti inaanza kukwaruza kwa namna ya kupendeza. Zipunguze: ikiwa kinachobadilika ni ukubwa wa sauti peke yake, bila rangi yake kubadilika, basi programu hiyo imeiga umbo la nje tu. Mini V ya Arturia, programu inayoiga Minimoog, imeboreshwa sana tangu ilipoanza, kwa hiyo usitegemee maoni yaliyoandikwa kuhusu matoleo yake ya mwanzo.

Juno-60 ya mwaka 1982 inahitaji sikio tofauti. Osileta zake hudhibitiwa kidijitali, hivyo hazipotezi tyuni, na programu inayoziyumbisha kwa kisingizio cha uanalogi inabuni kitu ambacho hakikuwapo. Utamu wake mwingi uko kwenye korasi (pambo linaloifanya sauti moja isikike kama nyingi), pamoja na ule mvumo mwembamba unaobaki nyuma ya sauti, na programu ya TAL-U-NO-LX imeupata vizuri mno bila kuielemea kompyuta. Kwa Prophet-5 ya mwaka 1978 mambo ni kinyume: rudia kodi moja (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) mara nyingi, na usikilize kama kila sauti kati ya zile tano inazoweza kupiga kwa wakati mmoja ina tabia yake ndogo. Hapo programu ya Repro-5 ndiyo chaguo langu, na sioni inayoikaribia pale osileta ya pili inapotumiwa kutikisa filta.

Kuhusu CS-80 ya Yamaha, nakushauri usilinganishe programu yoyote kabla ya kupata kibodi inayohisi mgandamizo wa kila noti peke yake. Kwenye kibodi ya kawaida, kodi nzima huvimba kwa pamoja, wakati kwenye mashine halisi kidole kimoja kingeweza kuinua noti yake huku nyingine zikitulia, na programu zote zitaonekana zimeshindwa hata kama kosa si lake.