Nikipanda Gari, Nitakuwa Nimewadanganya Walionichangia?

SWALI: Ndugu Mshauri, kikundi chetu cha kanisa kitaendesha baiskeli kutoka Nakuru hadi Kisumu kwa siku moja ili kuchangisha fedha za viti vya magurudumu vya wanafunzi wenye ulemavu. Majirani wameahidi kunitolea shilingi kadhaa kwa kila kilomita nitakayoendesha. Baiskeli yangu ina gia, lakini sijawahi kupita kilomita 70 kwa siku. Nikishindwa njiani nikabebwa na gari linalotufuata, je, nitakuwa nimewadanganya? — Msomaji, Njoro

JIBU: Hapana, mradi useme ukweli. Andika mahali ulipopandia gari, uwaeleze waliokuahidi, nao watalipa kwa hesabu hiyo. Wapo watakaotoa kiasi chote walichokusudia, kwa kuwa viti ni vya watoto, si vya miguu yako.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba aibu inaweza kukuzuia kulipanda gari hilo unapolihitaji. Njia hiyo ina takriban kilomita 180, na sehemu yake ngumu iko mwanzoni: Nakuru uko mita zipatazo 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukifika Mau Summit utakuwa umepanda hadi karibu mita 2,500, malori yakiguruma ubavuni mwako Salgaa na Sachangwan. Hapo ndipo wageni hujimaliza, kwa sababu asubuhi miguu ina nguvu na hakuna anayetaka kuonekana nyuma. Mwaka wangu wa kwanza niliwafuata vijana waliokuwa wakipiga soga mlimani, ilhali mimi sikuwa na pumzi hata ya kuitikia salamu. Nilipofika juu niliketi karibu na wauza viazi na karoti, mikono ikitetemeka hata nikashindwa kumenya ndizi, na mama mmoja akanimenyea bila kuniuliza neno. Sikuwa nimekula tangu tulipoondoka, eti kwa kuwa sikuhisi njaa.

Kwa hiyo usiingoje njaa. Kila baada ya nusu saa hivi kula kidogo, iwe ndizi, chapati au kiazi kitamu cha kuchemsha, na unywe maji kwa mafunda madogo. Mlimani shika mwendo unaokuruhusu kusema sentensi nzima, hata kundi likikuacha, kwani viongozi makini huwangoja wote kileleni. Na kwa kuwa unaishi Njoro, una mahali pazuri pa kujipima: panda hadi Molo kupitia Elburgon Jumamosi mbili tatu kabla ya safari, ukiwa na mzigo uleule utakaobeba siku yenyewe.

Kericho mvua hupenda kunyesha alasiri, na baada ya mji huo barabara huteremka zaidi ya mita 800 hadi Nyanda za Kano. Mteremko huo mimi nauogopa kuliko mlima. Ikiwa breki zako ni za raba zinazobana rimu, zikilowa huchelewa kushika. Zibonyeze kidogo kidogo mapema ili zifute maji kabla ya kona, wala usizibane mfululizo. Mwache aliye mbele yako aende mbali, kisha mkifika tambarare ya Awasi na Ahero, ambako joto ni kali, mkaribiane tena ili mkingane upepo. Lakini gurudumu lako la mbele lisiwe kamwe sambamba na la nyuma la mwenzako, maana akiyumba kidogo tu, utakayeanguka ni wewe.

Jambo la mwisho ni saa. Huku kwetu giza huingia mnamo saa moja jioni, na kutoka Kericho hadi Kisumu ni kama kilomita 80. Ikiwa saa tisa alasiri itakukuta bado uko Kericho, panda gari hapo hapo mjini, uandike kilomita zako, kisha umsaidie dereva kuwagawia maji wanaoendelea.