Ukiwa kwenye msoto usikae tu, kuna kazi za kufanya

Vijana wengi wakipigika wanaambiwa vumilia, basi, imeisha hiyo. Sasa avumilie vipi? Kodi hana, luku imekata, mtoto kadaiwa madaftari shuleni, halafu anaambiwa subira yavuta heri kama vile subira ni kulala kwenye kochi uangalie dari. Mimi msoto nimeupitia na nimetoka, na ninachoamini kabisa ni kwamba uvumilivu una kazi zake za kila siku, usipozifanya unaweza kuvumilia miaka na ukabaki palepale.

Mimi ni dereva wa utalii hapa Arusha. Sisi miezi ya ukame wa wageni tumeizoea, Aprili na Mei masika ikipiga wageni wanapungua, unakula akiba, magari yanafanyiwa sevisi, kufika mwisho wa Juni mambo yanarudi. Sasa 2020 corona ikaingia, hayakurudi. Aprili ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na hata anga lilipofunguliwa Mei wageni wenyewe walikuwa wamefungiwa makwao. Takwimu za serikali zinaonyesha 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5, mwaka uliofuata wakawa 620,867. Huku kwetu hizo namba zilimaanisha Land Cruiser zimepaki yadi zinapigwa vumbi, wapagazi wa mlimani wamerudi kwao Marangu na Machame kulima, wapishi wa kambi wanakaanga chipsi mtaani, na wewe umeambiwa na bosi ngoja tutakupigia.

Kiukweli kilichoniumiza zaidi haikuwa njaa, ilikuwa asubuhi. Unaamka huna pa kwenda, mke anajiandaa, watoto wanakuangalia, jirani anakuuliza leo hujatoka? Mwanaume akikaa hivyo wiki kadhaa anaanza kujificha, simu hapokei, kwenye misiba haendi kwa sababu hana mchango, na hapo ndipo watu wanapotea kabisa. Kwa hiyo nakushauri kitu kinachoonekana kidogo sana lakini kilinishika: oga, vaa, toka saa ileile uliyokuwa unatoka ukiwa na kazi. Nenda msibani hata mikono mitupu, beba viti, chota maji. Watu wakikuona wanakukumbuka, na vibarua vingi vinapatikana kwa kuonekana tu.

Mimi biashara ya vitunguu niliipata hivyohivyo, kwa kuonekana. Jamaa tuliyekuwa tunaonana naye mtaani alikuwa anafuata vitunguu Mang'ola kule Karatu, na mimi ile njia naijua vizuri maana nilikuwa nawapeleka wageni Ziwa Eyasi kuwaona Wahadzabe, basi akaniambia twende wote. Tukaanza na gunia chache, tunachangia nafasi kwenye Fuso, tunashusha soko la Kilombero hapa Arusha. Wazee wa kule wakanifundisha kushika shingo ya kitunguu, ikiwa bado mbichi na laini usinunue hata ukipunguziwa bei, kitaozea njiani na kitaozesha wenzake, na ukifika usikirundike chini kwenye sakafu yenye unyevu, tandaza kivulini upepo upite. Faida ilikuwa ndogo, kuna wiki ilikuwa haipo kabisa bei ikishuka ghafla, ila nyumbani kulipikwa. Ukiwa chini usisubiri mtaji mkubwa wala kazi inayofanana na uliyoipoteza, shika inayolisha wiki hii.

Sasa madeni. Hapa nisikilize vizuri mdogo wangu. Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, usiiguse, hata kama dada wa mkopo anaongea kwa upole na hataki dhamana kubwa. Rejesho ni la kila wiki, wewe hela yako haina wiki wala mwezi, utaenda kukopa huku ulipe kule na mwisho wanakuja kubeba tivii na kitanda watoto wakiwa wanaangalia. Nimeona ndoa zimevunjika kwa hilo. Zile app za mikopo za kwenye simu nazo hivyohivyo, Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzifungia 69 zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni, na waliodhalilishwa kwa meseji kutumwa kwa ndugu zao wanajua ninachosema. Bora uende kwa mwenye nyumba KABLA tarehe haijafika, umwambie baba hali ni hii, nina nusu, nyingine nitaleta kidogokidogo. Wengi wanaelewa ukiwahi, wanachochukia ni kukimbiwa.

Na kama ulikuwa umeajiriwa kwa mkataba, usiondoke kimyakimya na kumwachia Mungu. Ukiona umeachishwa kionevu malalamiko yanapelekwa CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 30, ukichelewa unaanza kuomba kuongezewa muda. Aliyepunguzwa baada ya kufanya kazi mwaka mzima au zaidi ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka alioutumikia, mwisho miaka 10. NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii unaokatwa kwenye mshahara, nao wana fao la kukosa ajira, ukiwa umechangia angalau miezi 18 na hukuacha kazi mwenyewe, ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Hela sio nyingi ila ni yako! Inaniuma sana mtu anakopa kausha damu huku hela yake imelala.

Kitu kingine, vifaa vya kazi yako usiuze. Uza simu kubwa ununue ya kitochi, uza sofa, ila bainokula, leseni ya udereva, cherehani, mashine ya kunyolea, chochote kinachokurudisha kwenye fani yako kilinde. Utalii ulirudi taratibu, 2022 watalii walifika milioni 1.4 na zaidi, na kampuni zilipoanza kutafuta madereva waliitwa kwanza wale ambao leseni ziko hai, vifaa vipo, na namba ya simu haijabadilika.

Ila kuna msoto ambao sio wa hela tu. Ukiona usingizi umekata, chakula hakipiti, na mawazo ya kujiondoa duniani yanakuja na kurudi, hapo usijikaze kiume. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leoleo, nenda hospitali umuone daktari, ni ugonjwa kama malaria na unatibika.

Na nyie ambao mambo yenu yako poa, mkiwa na ndugu yenu aliyepigika mkumbukeni kwa vitendo. Mpigie hata kama hapokei. Mtumie luku ya elfu mbili bila kumuuliza maswali, na ukisikia kuna kibarua, hata cha kupakia mizigo siku moja, mtaje jina lake kwanza.