Mwanangu, kuhusu historia na Jumamosi zako

Mwanangu,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Unauliza kama uache historia uhamie baiolojia, shule za udaktari zisije zikakukataa. Kwa ufupi, huku Marekani hazidai uwe umehitimu baiolojia. Zinadai masomo. Nyingi zinataka baiolojia, kemia ya jumla, kemia ya oganiki na fizikia, kila moja mihula miwili na maabara yake, na nyingi sasa zinataka na bayokemia. Mtu wa historia huyachomeka humo humo. Si kama kwetu Tanzania, unatoka kidato cha sita na PCB yako, yaani fizikia, kemia na baiolojia, unaingia udaktari moja kwa moja.

Ninachotaka kujua mimi ni Jumamosi zako unazifanyia nini.

Fomu ya AMCAS, ile ya pamoja ya kuombea shule za udaktari, ina nafasi 15 za shughuli, na kila maelezo yasizidi herufi 700, hata nafasi tupu kati ya maneno inahesabiwa. Watu wakifika mwaka wa tatu ndipo wanaanza kukuna kichwa: nilijitolea lini, saa ngapi, msimamizi aliitwa nani? Andika siku hiyo hiyo. Daftari moja tu: tarehe, saa, jina na simu ya msimamizi, na sentensi moja ya ulichokiona, bila jina la mgonjwa. Najua nimeshasema. Andika siku hiyo hiyo.

Na saa hizo ziwe za kukaa na wagonjwa. Kupanga mashuka stoo ni kazi ya heshima, ila haitakwambia kama unaweza kuketi na mtu anayeumwa.

Unakumbuka Bibi alipokuja kutoka Tanga, nawe una miaka tisa? Daktari akauliza maumivu ni ngapi, sifuri mpaka kumi. Bibi akasema, "Namshukuru Mungu." Ukamtafsiria daktari: "Sifuri." Akaandika sifuri, na Bibi kajishika ubavu kwa mikono miwili. Kila Idi mnaicheka hadithi hiyo, nami nacheka, lakini inanichoma mpaka leo. Kosa halikuwa lako. Leo kanuni za serikali zinakataza hospitali kumfanya mtoto mkalimani, isipokuwa kwa dharura wakati mkalimani hayupo.

Basi peleka Jumamosi zako hapo hapo. Kozi ya msingi ya ukalimani wa hospitali ni saa 40. Pungufu ya hapo hawakuruhusu kufanya mtihani wa kitaifa wa wakalimani wa tiba. Umeshapita miaka 18, unaruhusiwa. Utafundishwa kusema kama mgonjwa mwenyewe, "naumwa", si "anasema anaumwa". Utafundishwa kuomba sentensi fupi, na kutoongeza wala kupunguza, hata namshukuru Mungu uipeleke kama ilivyo, kisha daktari aulize tena.

Usijidanganye kuwa Kiswahili cha nyumbani kinatosha. Mama wa Kikongo aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu akikwambia alikwenda kwa munganga, anasema daktari. Wewe ukisikia mganga wa kienyeji, umeshaharibu historia yote ya ugonjwa. Na mkono wetu unaanzia begani mpaka vidoleni. Kiingereza kina neno la kiganja na neno la mkono wenyewe, kwa hiyo uliza ni wapi kabla hujafungua mdomo. Tumbo ndiyo usiseme.

Lakini saa 40 ni nyingi, na una fizikia muhula huu. Labda nakuongezea mzigo. Hapana, zipo kozi za wikendi kwa mtandao. Zigawe wiki sita au saba. Fizikia ikikulemea, ngoja likizo.

Na ikikulemea kwelikweli, acha somo kabla ya tarehe ya mwisho. Herufi W, ya somo lililoachwa, haiingii kwenye wastani wa alama. D inaingia. Mtoto wa mjomba wako unayajua yaliyomkuta: alirudia kemia, chuo kikafuta D kikaweka A, akafanya sherehe. AMCAS ikazihesabu zote mbili. Mjomba wako hapendi tulizungumze, kwa hiyo liishie hapa.

MCAT, mtihani wa kuombea shule za udaktari, usiifanye kabla ya bayokemia. Ukiisoma muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu, mtihani unaangukia Machi au Aprili, majibu baada ya kama mwezi, na fomu unaipeleka mwanzoni mwa Juni, maana shule nyingi huita watu kwa kadiri fomu zinavyoingia. Ukichelewa mpaka Septemba, nafasi za usaili zimeshaanza kwisha. Sehemu ni nne, kila moja alama 118 hadi 132. Moja haina sayansi hata chembe: maswali 53 kwa dakika 90, unasoma kifungu na kupima hoja ya mwandishi. Wanasayansi wengi huvunjikia miguu hapo. Mtu aliyezoea kusoma nyaraka za zamani na kuuliza nani kaandika, na kwa nini... Basi, nanyamaza. Nilishajiapiza sisemi ubaki au uhame. Baba yako naye kanionya.

Ila barua za mapendekezo: shule nyingi hutaka mbili za walimu wa sayansi na moja ya mwalimu wa somo jingine. Yule mwalimu wako wa historia anakujua kwa jina, au siyo? Muombe kabla muhula haujaisha, angali anakumbuka ulichoandika. Sisemi zaidi.

Nitumie tarehe ya mwisho ya kuacha masomo, niibandike kwenye friji. Dagaa nimeshawapeleka posta. Wafungulie nje, mwenzako wa chumbani asije akahama.

Mama yako