Re: Nafanya maswali ya Historia ya Tanzania lakini swali likigeuzwa nakwama

Mkuu, salama. Unasema majibu ya mitihani iliyopita umeyakariri, ila swali likiulizwa kwa namna nyingine unapotea, na miaka ya 1961 hadi 1967 inakuchanganya.

Kwanza angalia neno la kuagiza: taja, eleza, au jadili. Wengi wanaanguka hapo. Ukiulizwa "eleza sababu za Vita vya Maji Maji", kusimulia Kinjekitile, yule mganga, na maji yake ya dawa ya kuzuia risasi za Wajerumani peke yake hakutoshi. Anza na kulazimishwa kulima pamba, kodi na ukatili wa maakida (wasimamizi waliowekwa na Wajerumani), halafu dawa iingie kama kilichowaunganisha watu. Swali hilohilo nilikuwa naligeuza mwenyewe: kwa nini vita viliishia 1907? Kwa nini vilienea kusini? Ukiweza kulijibu pande zote, mtungaji hakusumbui.

Miaka usiikariri mmojammoja. Chukua karatasi, funga daftari, andika kwa mfuatano: uhuru wa Tanganyika 9 Desemba 1961, jamhuri mwaka mmoja baadaye tarehe ileile, uhuru wa Zanzibar 10 Desemba 1963, Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili mwaka huohuo. Mwezi mmoja tu na siku mbili kati ya uhuru wa Zanzibar na Mapinduzi! Ukishaliona hilo husahau. Azimio la Arusha ni 5 Februari 1967, na CCM ilizaliwa tarehe hiyohiyo 1977.

Majibu ya kudownload mitandaoni mimi siyaamini sana. Linganisha na kitabu kwanza.