Hati Unayo, Historia Yake Je?

Barua za wasomaji safari hii nyingi zimetoka Malindi na visiwani Lamu, na karibu zote zaanza na "nimesikia kortini…". Umesikia kwa nani? Hukumu zasomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law. Sauti ya WhatsApp si hukumu.

Nilinunua ploti ya ufuoni Malindi. Hati ninayo na sachi, yaani ukaguzi wa daftari la ardhi, ilitoka safi. Sasa kaunti yadai kipande chake ni njia ya umma. Hati si ushahidi wa mwisho?

Ni wa mwisho kwa madalali tu. Tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu ploti ya ufuoni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati na ilinunua kwa pesa zake. Kaunti ikabomoa ukuta kufungua njia ya baharini. Majaji waliifuata hati nyuma hadi 1989, ardhi ilipogawiwa Daniel arap Moi akiwa Rais, wakaona ugavi ule wa kwanza haukufuata utaratibu. Mnunuzi akapoteza. Ardhi ikitoka vibaya serikalini, haitakasiki kwa kuuzwa mara tatu.

Uamuzi huo wazifunga korti zote za chini, ya Malindi ikiwemo. Sachi yako safi yaonyesha jina lililoandikwa leo, haisemi lilifikaje pale. Tafuta barua ya ugavi wa kwanza na ramani ya upimaji. Tena waulize wavuvi walikuwa wakipita wapi. Hilo ni langu, si la majaji. Na wewe unayeuziwa barua ya ugavi pekee: mwaka huo huo, kwenye kesi ya Torino, mahakama hiyo hiyo ilisema barua si hati.

Ndugu yangu alihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu. Kesi ya Muruatetu si ilifuta kifo?

Hapana. Nimechoka kulijibu hili. Mwaka 2017, kwenye kesi hiyo, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa hukumu ya kifo tu, na Julai 2021 ikafafanua kuwa ni kwa kesi za mauaji pekee.

Tumekaa miaka 20 Mambrui kwenye shamba la tajiri asiyeonekana. Jirani asema Katiba ya 2010 ilifuta ile sheria ya miaka 12, ya kupata ardhi kwa kuikalia bila idhini ya mwenyewe.

Jirani amechelewa. Hoja hiyo ilifikishwa Mahakama ya Rufaa hapa hapa Malindi, ikakataliwa 2015. Suala lenu ni jingine: mlikaa kwa ruhusa ya nani? Kama mna nyumba bila ardhi na mwamlipa wakala wake kodi ya kiwanja, au mliwekwa kulinda minazi, hata miaka 50 haiwafai, maana mpo kwa idhini yake. Msifiche risiti, yeye anazo nakala. Ardhi ya serikali nayo haipatikani hivyo. Na wale wanaowachangisha maskwota pesa za "kuleta hati", waulizeni nambari ya kesi kwanza.

Mke akiachwa hupata nusu?

Si moja kwa moja. Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kuwa mchango lazima uthibitishwe. Mwislamu aweza kufuata sheria ya dini yake. Sheria ya Mali ya Ndoa yamruhusu.

Mimi mvuvi wa Pate. Hukumu ya bandari ya Lamu yanihusu?

Pesa na haki ni vitu viwili. Kesi dhidi ya mradi huo wa bandari ilifunguliwa 2012, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Fidia ina orodha yake. Kama jina lako halimo, hukumu haikuletei cheki. Lakini msimamo wa korti ni wako pia: uvuvi wa jadi ni haki, na mradi hauletwi bila wenyeji kushirikishwa ipasavyo. Juni 2019 jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe hapo Lamu kwa sababu ya namna hiyo hiyo.

Wengi huenda barazani kwa ajili ya soda, kisha hulalamika. Mradi ujao ukifika, soma kichwa cha karatasi ya mahudhurio kabla ya kutia sahihi, na sema pingamizi lako mpaka liandikwe.