Kabla ya kuondoa au kubadilisha, itazame kwanza milinganyo yenyewe

Nilipokuwa kidato cha pili hapa Mwanza, nilifanya jaribio la milinganyo sambamba, yaani milinganyo miwili yenye herufi mbilimbili ambazo thamani zake hutafutwa kwa pamoja, nikajaza ukurasa mzima kwa hesabu ambazo kila mstari wake ulikuwa sahihi, lakini mwishoni nikapata kwamba 32 ni sawa na 32. Nilipiga mistari miwili chini ya jibu hilo nikiamini kwamba kazi imekwisha. Karatasi ilirudi na alama ya kosa tu, bila maelezo, na nilikaa miezi kadhaa bila kujua nilipokosea. Leo ninafundisha twisheni ya jioni Igoma, na kila mwaka ninawaona wanafunzi wakifika pale pale nilipofika mimi. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu kile ambacho ningependa kuambiwa wakati ule.

Nililitambua kosa langu kwenye daftari la mama. Alikuwa akiuza dagaa wakavu na sato pale Mwaloni, Kirumba, na wateja wake wa kudumu aliwaandikia jumla ya deni bila kutenganisha bei. Alisafiri kwenda msibani Ukerewe, na mteja mmoja akaja kulipa, akataka kwanza ajue kila bidhaa aliichukua kwa bei gani. Daftari lilisema kwamba siku ya kwanza alichukua sado 4 (makopo ya kupimia) za dagaa na kilo 3 za sato kwa shilingi 61,000, na siku iliyofuata sado 6 za dagaa na kilo 2 za sato kwa shilingi 64,000. Tukiita bei ya sado moja ya dagaa x, na bei ya kilo moja ya sato y, tunapata:

4x + 3y = 61,000
6x + 2y = 64,000

Mlinganyo mmoja peke yake hauwezi kutupa jibu, kwa kuwa ziko jozi nyingi za bei zinazotoa 61,000. Njia zote mbili tunazofundishwa, ya kuondoa herufi moja kwa kutoa au kujumlisha milinganyo, na ya kubadilisha, yaani kuweka mahali pa herufi moja thamani yake iliyoandikwa kwa herufi nyingine, zina lengo moja, nalo ni kubakiza herufi moja ili tuweze kuitafuta thamani yake. Mwanafunzi akilielewa jambo hili, haogopi tena kuchagua, kwa sababu anajua kwamba njia zote mbili zinafika mahali pamoja na kwamba tofauti yake ni wingi wa kazi tu.

Katika njia ya kuondoa, tunataka herufi moja iwe na namba ileile mbele yake katika milinganyo yote miwili. Hapa ndipo KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa namba zote mbili) tuliyojifunza shule ya msingi inapopata kazi. Namba zilizo mbele ya y ni 3 na 2, na KDS yake ni 6, kwa hiyo tunazidisha mlinganyo wa kwanza kwa 2 na wa pili kwa 3, tukikumbuka kuzidisha upande wa kulia pia:

8x + 6y = 122,000
18x + 6y = 192,000

Tukitoa wa kwanza kutoka kwa wa pili, y inaondoka, inabaki 10x = 70,000, yaani x = 7,000. Tukirudi kwenye mlinganyo wa kwanza, 28,000 + 3y = 61,000, hivyo y = 11,000. Njia hii ni ya kale sana. Wanahisabati wa China walikuwa wakiitumia zaidi ya miaka 1,700 iliyopita, wakipanga namba katika safu na kuziondoa moja baada ya nyingine.

Sasa rudi uutazame tena mlinganyo wa pili. Namba zake zote, 6, 2 na 64,000, zinagawanyika kwa 2. Tukigawanya tunapata 3x + y = 32,000, na ghafla y imesimama peke yake bila namba mbele yake, jambo ambalo linaifanya njia ya kubadilisha kuwa nyepesi mno: y = 32,000 − 3x. Huu ndio ushauri wangu mkubwa kuliko yote. Kabla hujaandika hatua yoyote, tumia nusu dakika kuangalia kama mlinganyo wowote unaweza kugawanywa, na kama ipo herufi isiyo na namba mbele yake. Ikiwapo, badilisha, isipokuwapo, ondoa. Wanafunzi wengi huchagua njia kwa sababu ndiyo waliyoizoea, kisha wanajikuta wamebeba namba za sehemu (kama 3/2) zisizo na ulazima hadi mwisho wa ukurasa.

Hapo kwenye y = 32,000 − 3x ndipo nilipokosea kwenye lile jaribio, ingawa namba zake zilikuwa ndogo zaidi. Niliichukua y niliyoipata kutoka mlinganyo mmoja nikairudisha kwenye mlinganyo huohuo. Ukifanya hivyo hapa utaandika 3x + 32,000 − 3x = 32,000, na herufi zote zitatoweka, kwa sababu umeuuliza mlinganyo swali ambalo umekwisha kulijibu. Thamani inayotoka kwenye mlinganyo mmoja lazima iingizwe kwenye ule mwingine:

4x + 3(32,000 − 3x) = 61,000

Mabano hayo ni ya lazima. Anayeyaacha huzidisha 32,000 kwa 3 na kuisahau −3x, ilhali inatakiwa iwe −9x. Ukifungua vizuri unapata 4x + 96,000 − 9x = 61,000, kisha −5x = −35,000, na x ni 7,000 kama tulivyopata mwanzo.

Kosa jingine ambalo limewagharimu wanafunzi wangu alama nyingi ni la alama hasi wakati wa kutoa. Chukua 5x − 2y = 16 na 5x + 3y = 1. Tukitoa wa pili kutoka kwa wa kwanza, x inaondoka na tunabaki na −2y − 3y, ambayo ni −5y, sawa na 15; hivyo y = −3 na x = 2. Mwenye haraka huandika kwamba −2y na 3y zinabakiza y, akapata y = 15, kisha x = 9.2. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kutokutoa kabisa: andika upya mlinganyo wa chini ukiwa umebadilisha alama zake zote, kisha jumlisha.

Katika kuhakiki jibu pia kuna jambo ambalo sikuambiwa. Yule aliyepata x = 9.2 na y = 15 akihakiki kwenye mlinganyo wa kwanza ataona 46 − 30 = 16, akaridhika, ingawa jibu lake si sahihi. Ni lazima litoshee, kwa kuwa x aliipata kutokana na mlinganyo huo. Akihakiki kwenye wa pili atapata 46 + 45 = 91 badala ya 1, na hapo ndipo kosa litakapoonekana. Kwa hiyo hakiki kwenye mlinganyo ambao hukuutumia kutafuta herufi ya pili, tena ule wa asili ulioandikwa kwenye swali, si ule uliokwisha kuuzidisha au kuugawanya.

Imebaki hali moja. Wakati mwingine herufi zote huondoka hata pasipo kosa. Mteja akichukua sado 2 na kilo 1 kwa 25,000, kisha sado 4 na kilo 2 kwa 50,000, ukiondoa utapata 0 = 0, kwa sababu siku ya pili ni ya kwanza mara mbili na haijatuambia jambo jipya. Katika daftari la mama, hata hivyo, palikuwa na ukurasa ambao siku ya pili iliandikwa 54,000, nami nikabaki na 0 = 4,000, maana yake hakuna bei yoyote inayoweza kutosheleza siku zote mbili. Nilirudia hesabu mara tatu. Aliporudi kutoka Ukerewe nilimwonyesha, naye akaitazama tarehe akasema, "Hapo ilikuwa mbalamwezi, mwanangu." Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauwavuti, hivyo hupungua sokoni. Sado ilikuwa imepanda kutoka 7,000 hadi 8,000, na sado 4 zikaleta zile 4,000 zilizozidi.