Mpimaji alinyamaza, na tangu siku hiyo silali

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma yote. Una mimba ya wiki 20, ya kwanza, na ulikwenda kupiga ultrasaundi ukiwa na hamu ya kujua kama ni wa kike au wa kiume. Mpimaji akanyamaza, akawa anarudisha kile kifaa pale pale tumboni, skrini kaigeuzia upande wake. Mwishowe akakwambia mtoto ana vijifuko vya maji kwenye ubongo, urudi baada ya wiki 4. Mumeo hujamwambia. Na kilichoniuma zaidi, umeacha kuongea na mwanao tumboni kwa sababu unaogopa kumzoea.

Pole sana. Kumwacha mama aondoke na habari kama hiyo bila maelezo si haki, na wewe usikubali iishie hapo.

Mimi si daktari na ripoti yako sijaiona. Lakini mara nyingi vijifuko vinavyotajwa kwenye ubongo katika wiki hizo ni hivi: ndani ya ubongo kuna tishu inayotengeneza maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo, na inapokua, maji kidogo hunasa humo. Huonekana katika mimba 1 au 2 kati ya kila 100 kwenye kipimo cha katikati ya ujauzito, na kwa kawaida hutoweka vyenyewe kufikia wiki 28. Kama hakuna kasoro nyingine, havimdhuru mtoto wala havimpunguzii akili.

Sitakuficha upande wa pili. Vijifuko hivyo huonekana pia kwa baadhi ya watoto wenye kromosomu ya 18 ya ziada (kromosomu ni vijiuzi vinavyobeba urithi ndani ya seli), na hiyo ni hali nzito. Ila watoto hao karibu wote huwa na dalili nyingine pia: kasoro ya moyo, ngumi zilizokunjwa zisizofunguka, au ukuaji hafifu. Ndiyo maana mpimaji akishaona vijifuko hurudi kuukagua moyo, mikono na mgongo kwa makini, na kazi hiyo humnyamazisha mtu. Kimya chake hakikuwa lazima kiwe na habari mbaya zaidi ya aliyokupa.

Kwa hiyo usisubiri wiki 4 ukiwa gizani. Omba kuonana na daktari wa wajawazito wiki hii, nenda na ripoti, umwombe akuandikie jina kamili la kilichoonekana, kwa sababu vijifuko ni jambo moja na kutanuka kwa vyumba vya maji vya ubongo ni jambo jingine kabisa. Muulize: kuna kitu kingine kilichoonekana? Moyo na mikono vilionekana vizuri? Akitaja kipimo cha damu yako, fahamu kwamba hicho hukadiria uwezekano tu, hakitoi jibu la mwisho. Jibu la uhakika juu ya kromosomu hutoka kwenye maji ya uzazi, yanayochukuliwa kwa sindano kuanzia wiki 15. Sindano hiyo ina hatari ndogo ya kuharibu mimba, kwa hiyo ifanywe kwa sababu ya msingi, na kwa ridhaa yako.

Mumeo mwambie leo, kabla ya kulala. Mweleze ulichoambiwa kama kilivyo, bila kukipunguza wala kukiongezea yale uliyoyasoma kwenye simu saa nane za usiku. Naye ni mzazi, na chumba cha daktari kinahitaji masikio mawili zaidi. Mtu mwenye hofu husahau nusu ya anayoambiwa. Ndugu wengine wanaweza kusubiri, hudaiwi taarifa na mtu. Na atakayekuuliza ulikula nini au ulibeba nini, usimpe nafasi. Hakuna ulichokifanya kilicholeta vijifuko hivi.

Kuhusu mtoto, ongea naye. Kujizuia kumpenda hakutakupunguzia uchungu hata habari ikiwa mbaya. Kutakunyima tu siku hizi mlizo nazo. Katika wiki hizi ameanza kusikia sauti, na yako ndiyo iliyo karibu naye kuliko zote.

Ukishaonana na daktari, niandikie alichokwambia, hata kama ni kirefu.